Ukinyimwa Kazi kwa Sababu ya Umri: Hatua za Kufuata Tanzania Bara

"Anahitajika mhasibu mzoefu, umri miaka 25 hadi 35." Matangazo ya namna hii hubandikwa kwenye nguzo za umeme na kusambazwa katika makundi ya WhatsApp, na aliyevuka umri uliotajwa huyasoma, akavuta pumzi, akaendelea na shughuli zake kana kwamba hajanyimwa chochote. Lakini amenyimwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 7, inamkataza mwajiri kubagua, moja kwa moja au kwa njia isiyo ya moja kwa moja, kwa misingi ambayo sheria yenyewe imeitaja kwa majina, na umri umetajwa humo bayana, sambamba na rangi, kabila, dini, jinsi, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu na VVU.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikaa na wafanyakazi kuwasaidia kuandika madai yao, na nimeona madai ya umri yakianguka zaidi kwa sababu mbili: mdai alikuja mikono mitupu, au alikuja muda umekwisha pita. Yote mawili huamuliwa katika wiki mbili au tatu za mwanzo, kabla hata mtu hajafikiria kwenda kulalamika. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye wiki hizo, na yale ya mbele nitayapitia kwa kadiri yanavyohitajika. Namba za vifungu ninazozitaja ni za sheria kama ilivyotungwa mwaka 2004.

Kile ambacho sheria imekupa

Wengi hudhani kwamba sheria ya kazi humlinda aliyekwisha ajiriwa tu, na kwamba anayebisha hodi hana pa kushika. Kifungu cha 7 kimeliondoa shaka hilo, kwa kuwa katika kifungu hicho neno "mfanyakazi" linamjumuisha pia mwombaji wa kazi, neno "mwajiri" linamjumuisha wakala wa ajira, na "sera au utaratibu wa ajira" unaanzia kwenye tangazo lenyewe, vigezo vya uchambuzi wa maombi na usaili, ukaendelea hadi mshahara, mafunzo, upandishaji vyeo, uhamisho na kuachishwa kazi. Kampuni haiwezi basi kujitetea kwamba aliyeandika "asizidi miaka 35" ni wakala na si yenyewe, wala wakala hawezi kusema alikuwa anatekeleza maagizo tu.

Jambo la pili ndilo lenye nguvu kuliko yote. Katika mashauri mengi anayedai ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha hadi mwisho. Katika ubaguzi kazini mzigo huo unahama: ukionyesha ushahidi wa awali, yaani mambo ambayo yakisimama peke yake yanamfanya msikilizaji aone kwamba huenda umri ndio uliokuponza, ni mwajiri sasa anayetakiwa kuthibitisha kwamba ubaguzi haukutokea, au kwamba tofauti aliyoifanya inaruhusiwa na sheria. Huhitaji kuingia ndani ya moyo wa meneja. Unahitaji karatasi chache zilizotunzwa vizuri.

Jambo la tatu husahaulika: sheria imesema "umri", haikusema "uzee". Kijana wa miaka 22 mwenye sifa zote zilizotangazwa, aliyeambiwa "wewe bado mdogo, wateja hawatakuamini", analindwa na kifungu kilekile kinachomlinda mtu wa miaka 52.

Msomaji wa Kenya aelewe kwamba kwake mambo yamekaa kinyume na hapa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imetaja umri katika ibara ya 27, ilhali orodha ya kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haikuutaja, kwa hiyo dai la huko hujengwa juu ya Katiba. Kwetu Bara ni Katiba ya mwaka 1977 ambayo, katika ibara ya 13, haikutaja umri ilipoeleza maana ya kubagua, na sheria ya kazi ndiyo iliyoutaja. Zanzibar nayo ina sheria yake ya ajira, Na. 11 ya mwaka 2005, na hatua ninazozieleza hapa si za huko.

Si kila kikomo cha umri ni ubaguzi

Kabla hujakasirika, pima. Sheria inaruhusu tofauti inayotokana na sifa ya lazima ya kazi yenyewe, na inaruhusu pia hatua za makusudi za kuwainua waliokuwa nyuma. Yapo pia makatazo ambayo sheria yenyewe imeyaweka: mtoto chini ya miaka 14 haajiriwi kabisa, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kufanya kazi mgodini, kiwandani, melini au mahali pengine penye hatari. Mwajiri wa mgodini anayeandika "awe na miaka 18 au zaidi" anatii sheria.

Jiulize swali moja: je, kazi hii haiwezekani kabisa kufanywa na mtu wa umri wangu, au ni mwajiri tu anayependa wa umri mwingine? Kama kazi ni ya kubeba magunia, kinachotakiwa ni nguvu, na nguvu hupimwa kwa kumpa mtu gunia alibebe. Kama inahitaji kompyuta, mtu hupewa kompyuta. "Wateja wetu wanapenda vijana" ni tamaa ya biashara, na haigeuki kuwa sifa ya kazi kwa kuandikwa kwenye tangazo.

Ipo sababu moja ninayotaka kuitazama kwa karibu, kwa kuwa imevaa nguo ya adabu na ndiyo maana hupita bila kupingwa. Meneja mwenye miaka 29 anamtazama mwombaji mwenye miaka 50, anamwamkia shikamoo, anamkaribisha kiti, kisha anasema kwa upole kabisa: "Mama, mimi nitakutumaje wewe? Nitakukaripiaje ukikosea? Wewe ni sawa na mama yangu mzazi." Mama naye, kwa kulelewa katika adabu hiyohiyo, anashukuru na kuondoka, tena wengine huondoka wakimsifu kijana kwa malezi mema. Ninaiheshimu shikamoo na sitaki ife. Lakini kumheshimu mkubwa hakujawahi kumaanisha kumnyima riziki, na meneja asiyeweza kumwelekeza mtu mzima kwa lugha ya staha ana upungufu katika umeneja wake, upungufu ambao haupaswi kulipwa na mwombaji. Kisheria, maneno hayo ni ushahidi: ametamka kwamba umri wako ndio kikwazo. Yaandike.

Kuhusu kazi za Serikali, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwa kawaida huwa na sharti kwamba mwombaji awe raia wa Tanzania mwenye umri usiozidi miaka 45, isipokuwa kwa walioko kazini serikalini. Hesabu yake inaendana na pensheni: mwanachama anahitaji michango ya miezi 180, ambayo ni miaka 15, na umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Toa 15 kwenye 60 upate 45. Hata hivyo, kuruhusiwa kwa walioko kazini kunaonyesha kwamba hakuna anayedai mtu wa miaka 48 hawezi kuifanya kazi hiyo. Mwajiri binafsi anayeiga kikomo hiki hawezi kujificha nyuma ya hesabu hiyo, kwa kuwa mwombaji wa miaka 47 anaweza kuja na michango yake ya miaka 20 mfukoni.

Kabla ya kuomba

Omba hata kama tangazo linakukataa. Huu ni ushauri ambao wengi huupokea kwa shida, kwa kuwa nani anataka kukanyagwa mara mbili? Lakini aliyelisoma tangazo akanuna na kuliacha si mwombaji, na asiye mwombaji hana pa kusimama. Mwenye sifa nyingine zote aliyeomba na kukataliwa anaweza kuweka mezani tangazo, wasifu wake na jibu alilopewa.

Hifadhi tangazo siku ileile uliyoliona. Piga picha ya skrini inayoonyesha tarehe na jina la aliyelituma. Kama limebandikwa ukutani, lipige picha pamoja na mlango au kibao cha mahali hapo. Matangazo hufutwa haraka sana pindi barua ya kwanza ya malalamiko inapofika.

Kwenye wasifu, au CV kama tulivyozoea kuiita, hakuna sheria inayokulazimisha kuandika tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa wala idadi ya watoto, ingawa tumezoeshwa kuyaweka hayo mwanzoni kabisa. Yaondoe, kisha uangalie umri unavyovuja kwa njia nyingine. Namba ya NIDA huanza na mwaka, mwezi na tarehe yako ya kuzaliwa, kwa hiyo aliyefuta tarehe na kuacha namba hiyo hajaficha kitu; itoe baadaye, ukishapewa kazi na taratibu za mkataba zikianza. Namba ya mtihani wa kidato cha nne nayo hubeba mwaka uliofanya mtihani. Unaweza kuandika kazi za miaka 10 au 15 ya karibuni tu, na kutaja za nyuma yake kwa sentensi moja.

Kuacha kuandika ni jambo moja na kudanganya ni jingine kabisa. Usipunguze umri, usiape kiapo cha uongo, usitumie cheti cha mdogo wako. Udanganyifu wa aina hiyo humpa mwajiri sababu halali ya kukufukuza miaka mingi baadaye, na dai lako la haki linaharibikia hapohapo.

Siku ya usaili na siku zinazofuata

Mama mmoja mhasibu niliyemsaidia, wakati huo akiwa na miaka 47, alifanya jambo dogo lililookoa dai lake. Alipotoka kwenye usaili alikaa kituoni akisubiri daladala, akatoa kaunta buku aliyokuwa akiandikia mahesabu ya kikoba, na nyuma kabisa ya daftari akaandika tarehe, saa aliyoingia na saa aliyotoka, majina ya watu watatu waliomsaili, na maswali aliyoulizwa kwa maneno yaleyale. Mojawapo lilikuwa kama atamudu kasi ya vijana. Wiki moja baadaye alipigiwa simu akaambiwa, "Una uzoefu mkubwa sana mama, ila tunatafuta damu changa." Akarudi kwenye ukurasa uleule, akaandika saa ya simu, namba iliyopiga na maneno hayo. Hakuandika "walinibagua". Aliandika walichosema.

Fanya hivyohivyo, na uandike siku hiyohiyo, kwa sababu maandishi ya papo hapo yana uzito ambao kumbukumbu ya miezi miwili baadaye haiwezi kuwa nao. Kisha mwandikie mwajiri barua fupi ya kuomba sababu. Iwe na adabu, isiwe na tuhuma, na itaje mambo yaliyotokea kwa tarehe zake. Mfano:

"Ndugu Meneja, niliomba nafasi ya mhasibu mliyoitangaza tarehe 3 Machi na nikahudhuria usaili tarehe 17 Machi. Katika usaili niliulizwa kama nitamudu kasi ya vijana. Tarehe 24 Machi nilijulishwa kwa simu kwamba sikuchaguliwa kwa kuwa ofisi inatafuta damu changa. Naomba kujulishwa kwa maandishi, ndani ya siku saba, sababu za uamuzi huo na vigezo vilivyotumika kumpata aliyechaguliwa. Wako katika ujenzi wa Taifa."

Peleka nakala mbili na uombe moja igongwe muhuri wa kupokelewa. Ukituma kwa barua pepe, usifute. Wakijibu, umepata maelezo ambayo hawataweza kuyabadilisha kirahisi baadaye. Wasipojibu, ukimya wao nao utasomwa. Wakati huohuo ulizia bila kificho nani amepewa nafasi, ana elimu gani na uzoefu wa miaka mingapi, kwa kuwa mtu mwenye sifa pungufu kuliko zako na umri mdogo kuliko wako ni sehemu kubwa ya ule ushahidi wa awali. Usirekodi watu kwa siri wala kuchukua nyaraka za ofisi kwa mlango wa nyuma. Daftari lako na barua yako yenye muhuri vinatosha kuanzia.

Ukiwa tayari kazini

Ubaguzi wa umri kwa aliyeajiriwa huja polepole. Kwanza unaachwa kwenye mafunzo ya mfumo mpya "kwa kuwa unakaribia kupumzika", halafu unapimwa utendaji kwa mfumo uleule ambao hukufundishwa. Tunza kila orodha ya walioitwa mafunzoni.

Watu wengi huambiwa wakifika miaka 55 kwamba umri wao umefika. Katika sheria za mifuko ya hifadhi ya jamii za Bara, miaka 55 ni umri wa kustaafu kwa hiari na miaka 60 ndio wa lazima, na hiari hiyo ni ya mfanyakazi. Usisaini barua ya "kuomba kustaafu" uliyoandikiwa na mwingine. Ukishaisaini, itakuwa kazi kubwa kumshawishi yeyote kwamba hukuomba.

Kwa mwenye mkataba wa muda maalumu, mwajiri aliyekuwa akiuhuisha kila mwaka na kukupa matumaini ya msingi kwamba ataendelea, kisha akakataa ghafla kuuhuisha ulipotimiza miaka 50, anaweza kuhesabiwa kuwa amekuachisha kazi. Na pale kampuni inapopunguza wafanyakazi, inawajibika kutoa taarifa, kueleza sababu na kushauriana kuhusu namna ya kuwachagua watakaoondoka. Uliza kigezo kwa maandishi. Muda wa utumishi, ujuzi na sifa za kielimu ni vigezo vinavyokubalika. "Tunaanza na wazee" haimo. Sheria inasema wazi kwamba kuachishwa kazi kwa sababu ya ubaguzi si halali, na kwa walioachishwa isivyo halali kuna kurudishwa kazini, kuajiriwa upya au kulipwa fidia. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana kinga ya jumla ya uachishwaji usio wa haki, lakini kifungu cha 7 hakikumtoa, na dai lake lisimame juu ya kifungu hicho.

Kwenda kwenye Tume

Mahali pa kuanzia ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi wanaijua kama CMA, na huduma yake haina malipo. Kalenda hapa haina huruma. Kama umeachishwa kazi, una siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Kwa migogoro mingine, ikiwemo ya mwombaji aliyekataliwa, una siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Muda ukipita unaweza kuomba uongezewe, lakini itabidi ueleze umechelewa kiasi gani, kwa nini, na kama dai lako lina matumaini. "Nilikuwa nasubiri wanijibu barua" si sababu ya kutegemea. Barua ya kuomba sababu haisimamishi siku.

Utajaza fomu ya Tume iitwayo CMA F.1. Kiswahili kinatosha, kwani tangu mwaka 2021 ndiyo lugha ya mahakama na vyombo vya utoaji haki. Jaza kwa utulivu, kwa kuwa utabanwa na ulichokiandika: aliyetaja kuvunjwa kwa mkataba peke yake asitarajie baadaye kuzungumzia ubaguzi kana kwamba ulikuwamo tangu mwanzo. Taja ubaguzi kwa misingi ya umri, taja kifungu cha 7, weka tarehe mgogoro ulipotokea, na useme unataka nini. Sehemu B ya fomu ni ya walioachishwa kazi tu. Mpelekee mwajiri nakala na utunze uthibitisho kwamba ameipokea.

Kwanza mtakaa na msuluhishi, ambaye kwa kawaida ana siku 30. Unaweza kuwakilishwa na chama chako cha wafanyakazi, wakili au mwakilishi binafsi uliyemchagua. Asiye na uwezo anaweza kuomba msaada kwa watoa huduma waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, au kwa taasisi kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Usikose kufika. Aliyelalamika asipofika, msuluhishi anaweza kulitupa lalamiko. Asipofika mwajiri, anaweza kuliamua bila yeye. Yanayosemwa kwenye usuluhishi ni siri, kwa hiyo zungumza kwa uhuru, na kama mwajiri anatoa pendekezo la maana lipime bila kiburi. Yule mama mhasibu aliafikiana na kampuni katika hatua hii, na waliyokubaliana yamebaki katika chumba kile.

Usuluhishi ukishindikana, lalamiko linaweza kwenda kwa mwamuzi au Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu. Hapo ndipo tangazo, daftari, barua yenye muhuri na sifa za aliyechaguliwa vinapopangwa kwa tarehe, kimoja baada ya kingine, ili ushahidi wa awali uonekane na mwajiri apokee mzigo wake. Usitishwe na anayekuambia ukishindwa utalipa gharama zote: mbele ya mwamuzi gharama huamriwa pale tu mtu alipoleta shauri la kipuuzi au la usumbufu. Kwa mtumishi wa umma njia ni nyingine kidogo, kwani anatakiwa kwanza kumaliza hatua za rufaa ndani ya utumishi wa umma, ikiwemo Tume ya Utumishi wa Umma.

Ukiridhika na tuzo ya mwamuzi, yaani uamuzi wake wa maandishi, na mwajiri akakaa bila kulipa, tuzo hiyo hukaziwa mahakamani kama hukumu nyingine yoyote. Usiporidhika, una wiki sita tangu upewe tuzo kuomba Divisheni ya Kazi iipitie. Siku unayopokea nakala ya tuzo, andika tarehe juu yake kwa kalamu kabla hujaanza kuisoma.